Baba alimeza methotreksati kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Ametoka wodini, sasa tufuatilie nini?

BintiMkubwa (mwenye swali)

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nitaeleza kwa urefu, maana nikifupisha mtaniuliza yaleyale.

Baba ana miaka 67 na baridi yabisi ya viungo, vidole vimeshaanza kupinda. Mwezi uliopita daktari alimwanzishia methotreksati, vidonge vya miligramu 2.5, sita kwa mpigo, yaani miligramu 15, mara moja kwa WIKI. Hayo aliyasema kwa mdomo, na aliyekuwa ndani ni baba peke yake. Mimi nilikuwa nje nahangaika na foleni ya kadi. Dirishani pa dawa wakaandika kwenye bahasha: 6 x 1. Basi. Hakuna neno wiki, hakuna jina la siku. Mnajua wenyewe tunavyosoma maandishi hayo: 2 x 3 ni viwili kutwa mara tatu, kwa hiyo 6 x 1 ni sita kutwa mara moja. Baba ni mtu wa utaratibu. Alimeza sita kila asubuhi, siku nane mfululizo, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kumezea. Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Siku ya sita akasema mdomo unamuwaka. Siku ya nane hakuweza kumeza hata mate, akawa anayatemea kikombeni. Ndani ya midomo palikuwa pamechubuka, peupe, kama ngozi iliyokaa majini muda mrefu. Kilichonitoa mbio ni miguu: chini ya magoti vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, ukivibonyeza havipotei.

Wodini tulikaa siku 13. Dripu usiku na mchana, asidi ya foliniki ya sindano (ya kupinga sumu ya methotreksati) kila baada ya saa 6, dawa ya kuondoa ukali wa asidi kwenye mkojo, antibiotiki, akaongezewa chembe sahani (zile za kugandisha damu), na kila siku sindano ya chini ya ngozi ya kuamsha chembe nyeupe. Siku mbaya kuliko zote chembe nyeupe zilikuwa 0.9 na sahani 19. Ijumaa wakaturuhusu: nyeupe 3.8, sahani 96, himoglobini 9.2, kreatinini (kipimo cha figo, ikipanda figo zimelemewa) 148, na kabla ya haya yote ilikuwa 88. Kipimo cha dawa yenyewe kwenye damu kilisema haionekani tena. Tumepewa asidi ya foliki, dawa ya kusukutua, na tarehe ya kliniki: baada ya wiki tatu.

Leo Jumatatu. Baba anakaa, anaongea, anagomba, kwa hiyo ndugu wanasema yamekwisha. Mimi siamini. Wiki tatu bila kupimwa ni sawa kweli? Dalili gani zinirudishe hospitali usiku wa manane bila kuomba ushauri wa mtu? Na viungo vimeanza kuvimba upya kwa sababu dawa imesimamishwa. Kaka yangu amemletea diklofenaki, nimezificha. Nimefanya vibaya?

---

MzeeWaKijiwe

Pole sana binti. Kwa uelewa wangu, dawa ikishatoka kwenye damu imetoka. Wamekuambia haionekani, sasa mnaogopa nini? Mwacheni mzee apumzike, vipimo kila siku navyo vinachosha mtu.

---

MfamasiaWaZamu

Mzee wangu hapo juu, kwa heshima zote, hapana. Hapo ndipo familia nyingi zinapojikwaa.

Dada, pole. Nianze na hicho cha "haionekani" kwa kuwa ndicho kinachowapumbaza ndugu. Methotreksati haiishii kwenye damu. Inaingia ndani ya chembe, na humo inafungwa mkia wa kemikali unaoizuia kutoka. Damu inaweza kuwa safi huku dawa imejibanza kwenye uboho wa mifupa (kiwanda cha damu), ini na utando wa utumbo. Kazi yake ni kuziba njia ambayo chembe hutumia kutengeneza vinasaba vipya, na ndiyo maana inaanza kuumiza pale chembe zinapozaliwa kwa kasi: mdomoni, tumboni, kwenye uboho. Ni dawa ileile inayotumika kwa saratani, ila kwa baridi yabisi dozi ni ndogo na mwili unapewa siku sita za kupumua katikati. Baba hakupata siku hata moja ya kupumua.

Sasa swali langu kwako, na jibu lake lina uzito kuliko mengine yote: ile sindano ya kuamsha chembe nyeupe, ya mwisho alichomwa lini?

Nauliza kwa sababu hiyo 3.8 inaweza kuwa ya kuazima. Sindano ile inausukuma uboho utoe chembe kwa haraka, na ikisimama, nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) huweza kushuka hadi nusu ndani ya siku moja au mbili. Kama alichomwa Alhamisi au Ijumaa, namba ya Ijumaa haikuambii uboho wake unasimama kwa miguu yake. Inayokuambia hivyo ni namba ya leo au kesho. Kwa hiyo wiki tatu, kwa mtu mwenye sahani 96 na kreatinini 148, mimi nisingezikubali kimyakimya. Mpigie daktari, au nenda naye asubuhi, uombe picha kamili ya damu yenye mgawanyo wa chembe nyeupe, figo na ini. Mgawanyo usiusahau. Jumla ya chembe nyeupe peke yake inaweza kukuficha nyutrofili ziko ngapi. Zikiwa chini ya 0.5 ni hatari kubwa, na homa hapo ni dharura.

Halafu himoglobini. Nyutrofili huishi kwenye damu muda mfupi mno, sahani siku 7 hadi 10, chembe nyekundu karibu siku 120. Kiwanda kikifungwa, kinachokwisha ghalani kwanza ni kile kisichodumu. Nyekundu huchelewa kuonyesha hasara. Hiyo 9.2 inaweza kuteremka kidogo wakati nyingine zinapanda, msishangae, ila ipimwe.

Diklofenaki: umefanya vizuri sana kuzificha. Methotreksati hutolewa na figo, na figo za baba bado zinajikusanya. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao hupunguza damu inayofika kwenye figo. Maumivu yapo na msimwache ateseke, lakini dawa ya kuyatuliza itoke kwa daktari anayeijua hiyo 148. Na sehemu yoyote mtakayokwenda, hata kwa daktari wa meno, tangulizeni kusema: "Alipata sumu ya methotreksati juzi." Hasa mtu akitaka kumpa kotrimoksazoli, ile antibiotiki. Dawa hiyo inapiga njia ileile ya foliki, na inaifanya methotreksati ing'ang'anie mwilini.

Jambo lingine dogo, nakuomba uliangalie sasa hivi. Vidonge vilivyobaki viko wapi? Methotreksati ya 2.5 kwa kawaida ni ya njano. Asidi ya foliki ya 5 nayo kwa kawaida ni ya njano.

---

GotiLangu

Dada, mimi ni mgonjwa mwenzake na baba, nipo hai naandika.

Mimi sikuzidisha kidonge hata kimoja. Nilikuwa nameza za Jumapili tu, miaka miwili, safi kabisa. Nikapata maambukizi ya mkojo, nikapewa hiyo kotrimoksazoli aliyoitaja mfamasia, na aliyenipa hakuniuliza natumia nini, wala mimi sikumwambia. Siku ya tisa nilikuwa na mdomo kama wa baba yako.

Ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni majuma baada ya kutoka. Nilidhani nikiruhusiwa nimepona. Wiki ya kwanza nilipimwa mara mbili, kisha kila wiki mpaka zikapita sita, na katikati kulikuwa na kipimo kimoja kilichorudi nyuma, nikalia kwenye benchi. Wiki ya tatu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Uchovu ule hauelezeki. Nilikuwa navaa kiatu kimoja, napumzika, ndipo navaa cha pili. Mkimwona mzee anakaa kimya muda mrefu, si lazima amenuna.

Mdomo: mswaki laini kabisa, kusukutua maji ya chumvi kidogo kila akila na kabla ya kulala, hakuna kitu cha moto. Vidonda vilipona kabla damu haijarudi, kwa hiyo mdomo mzuri usiwadanganye.

Na kipimajoto. Nunueni leo kama hamna. Mimi nilipima asubuhi na jioni na kuandika. Nesi aliniambia neno moja nikalishika: ikifika 38, usimeze parasetamoli kwanza uone itakuwaje, maana utaishusha homa na kukificha kinachoileta. Unaondoka hapohapo, hata ukiwa na nguo za kulalia.

---

BintiMkubwa

Asanteni. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Mfamasia, sindano ya mwisho alichomwa Ijumaa asubuhi. Saa nne damu ikachukuliwa, saa nane tukaruhusiwa.

Ulipouliza vidonge viko wapi nilijua jibu: kabatini, juu, nimeviweka mwenyewe. Nikaenda kuangalia. Bahasha haipo. Nimetafuta nusu saa. Nimeikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti la baba, lile analovaa jioni, imekunjwa mara nne, vidonge 11 ndani. Nikamuuliza. Akanitazama kama mtoto aliyekamatwa: "Magoti yanauma, nilitaka nijaribu kimoja tu. Kimoja si sita." Anasema hakijafika mdomoni. Nimehesabu na kurudia: walitupa 60, akameza 48, mkononi mwa daktari wa mapokezi kilibaki kimoja alichokichukua kukiangalia. 60 toa 48 toa 1 ni 11. Vipo vyote.

Nimekaa sakafuni jikoni kwa muda.

---

MfamasiaWaZamu

Mungu asaidie. Hesabu yako ni safi.

Vitoe nyumbani. Usivitupe kwenye choo wala kwenye taka; virudishe famasi ya hospitali wajue namna ya kuviteketeza. Viache ndani ya bahasha hiyohiyo, usivivunje, na kama kuna mjamzito nyumbani yeye asivishike. Ila kabla ya kuvirudisha, piga picha ya hiyo bahasha yenye "6 x 1". Sikuambii ukagombane. Nakuambia ili kosa liandikwe mahali, maana likibaki kuwa hadithi ya familia, dirisha lile litaandika 6 x 1 kwa mwingine kesho. Kosa la wiki kugeuka siku linajulikana dunia nzima. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa hatua mpya kwa ajili yake tu, mojawapo ni kadi ya mgonjwa inayosisitiza mara moja kwa wiki. Kosa linalohitaji hatua za bara zima si la binti aliyepeleka maji.

Kuhusu kuirudia dawa yenyewe: mzee ataambiwa na daktari wake wa viungo, si sasa. Wapo madaktari wasiorudi kabisa baada ya tukio kama hili, na wapo wanaorudi polepole damu na figo zikishatulia, kwa sababu kosa lilikuwa la dozi na si la mwili kuikataa. Vyovyote, mwambie daktari habari ya koti. Ndiyo, atafedheheka. Mwambie hivyohivyo. Mtu aliyefikia kuficha kidonge kimoja ana maumivu ambayo hayajatibiwa, na daktari anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji mzee aonekane mtiifu.

---

NesiMstaafu

Wanangu mmesema vizuri, naongeza machache tu. Wodi za damu nimezifanyia kazi muda mrefu.

Kikohozi kikavu na kupumua kwa shida, hata bila homa: msiseme ni mafua. Dawa hii inaweza kuumiza mapafu. Vilevile macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kupungua, kinyesi cheusi, fizi kutoka damu, vile vidoa vya miguuni kurudi. Mwanangu, kila jioni ukimsaidia kuvua soksi, washa taa uangalie miguu. Haichukui dakika moja.

Chanjo zenye vijidudu hai asichomwe mpaka daktari aseme. Jino lisingolewe kwa sasa. Mwenye mafua asimkumbatie, hata akiwa mjukuu anayempenda kuliko wote.

Halafu wewe mwenyewe unalala?

---

BintiMkubwa

Mama, nalala kidogo.

Marejesho, leo Jumatano. Jana nilimpeleka bila miadi. Mapokezi walisema turudi tarehe ya kadi. Nikasema, "Sindano ya kuamsha chembe nyeupe ilisimama Ijumaa, naomba mgawanyo wa nyutrofili." Yule dada wa mapokezi akaniangalia mara mbili, akanyanyua simu. Mfamasia, hiyo sentensi ni yako, nimeikariri njia nzima.

Majibu: nyeupe 2.1, nyutrofili 0.8. Sahani 121, zinapanda zenyewe. Himoglobini 8.9. Kreatinini 131. Daktari mwingine, kijana, alikaa na karatasi kimya, kisha akasema afadhali tumekuja. Hakumlaza kwa kuwa hana homa, ila amesema damu ipimwe Ijumaa, halafu mara mbili kwa wiki mpaka aone namba mbili mfululizo zimesimama bila sindano. Amempa dawa nyingine ya maumivu na ya kupunguza uvimbe, kwa siku chache, na ameandika kwa maneno, si kwa namba: "kidonge kimoja asubuhi, kila siku, siku tano, kisha basi." Nilitaka kumshika mkono.

Habari ya koti nimeisema, baba akiwepo. Alitazama dirishani muda wote. Njiani kurudi hakunisemesha, mpaka tulipofika mlangoni akaniambia, "Ile bahasha ungeniachia hata tupu." Sijui alimaanisha nini, sikumuuliza.

---

BintiMkubwa

Siku 19 baadaye, najibu walioniuliza faraghani. Nyutrofili 2.6, na ya kabla yake ilikuwa 2.4, bila sindano. Sahani 188. Himoglobini 9.6. Kreatinini 102, bado haijarudi kwake lakini inashuka. Sasa tunapima mara moja kwa wiki. Homa tulipata mara moja, 37.9 saa tano usiku. Nikakaa na kipimajoto mkononi, nikapima tena baada ya nusu saa, 37.4, asubuhi 36.8. Daftari la joto analiandika baba mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ofisini, na desimali anazipigia mstari.

Famasi walipokea vidonge 11 wakasaini. Picha ya bahasha nimempa msimamizi wao. Alisema asante. Hilo tu.

GotiLangu, baba anakuuliza: nywele zilirudi za rangi ileile? Ndevu zake zimeanza kubaki kwenye taulo.

---

GotiLangu

Mpe shikamoo yangu. Zilirudi baada ya miezi miwili hivi, laini kidogo mwanzoni, rangi ileile na mvi zilezile, hakuna iliyosamehewa. Mwambie wembe auache kwanza, atumie mashine.